Shughuli ni Watu: Mazungumzo Kuhusu Viti Vitupu vya Ukumbi wa Kikapu

(Nilizungumza haya mbele ya wanafunzi wanaozungumza Kiswahili katika chuo kidogo cha jimbo la Indiana, Marekani. Nimeyaandika baadaye kwa sababu wengine walifika yakiwa yamekwisha.)

Walimu wetu, shikamooni. Wanafunzi, hamjambo. Nimepewa dakika 20.

Wengi wenu mnanijua kwa sura tu. Mimi ndiye yule wa mlangoni. Ikichezwa mechi ya kikapu hapa, ya wanaume au ya wanawake, mimi ndiye ninayekagua tiketi kwenye simu zenu kwa kile kidubwasha kinacholia tii. Wa Dar huniita anko, wa Mombasa mjomba, na yupo kijana mmoja wa Bukavu ananiita papa. Zote naitika. Kazi ya mlangoni ina faida yake moja: kocha anaona wachezaji, mkuu wa idara anaona hesabu ya tiketi, lakini mimi namwona mtu anapoingia, namwona anapotoka, na najua katoka saa ngapi na kwa uso gani.

Mmeniita kwa sababu idara ya michezo imewauliza ninyi wanafunzi: viti vyenu mbona vitupu? Na mkijaza, mbona mnaondoka mapema? Swali zuri. Nilikuwa nalisubiri.

Nianze na usiku wa fulana. Haikuwa hapa, ilikuwa chuo kingine nilichofanyia kazi zamani, na jina lake nitaliacha lipumzike. Novemba, baridi imeanza, timu inacheza na chuo ambacho hakuna aliyekisikia. Wakubwa wakatangaza: wanafunzi 300 wa kwanza kufika watapata fulana ya bure. Na piza. Bwana wee, foleni ilizunguka jengo! Meza ilikuwa palepale kwangu. Sanduku zikafunguliwa, kumbe fulana zote ni XL, saizi moja kwa binadamu wote. Yupo binti mwembamba aliivaa juu ya koti ikamfika magotini kama dera. Tukacheka, wakaingia, ukumbi ukajaa. Mkuu mmoja akanipiga begani akasema, unaona?

Ilipofika mapumziko wakaanza kutoka. Kidubwasha changu hakihesabu wanaotoka, nikahesabu kwa kichwa, nikafika mia na kitu nikaacha. Walikuwa na fulana, walikuwa wameshiba, na nje rafiki zao walikuwa wanawasubiri. Kipindi cha pili unasikia viatu vya wachezaji vikilia sakafuni. Nilipofunga mlango niliokota fulana tatu kwenye ngazi, hazijafunguliwa hata mikunjo.

Sasa nielezeni, kosa la nani? Wale vijana hawakukosea. Waliitwa waje kuchukua fulana, wakaja, wakachukua, wakaondoka. Mwaliko uliishia pale.

Kwetu tunasema shughuli ni watu. Lakini watu wa shughuli wanapatikanaje? Mliokulia Dar mnaijua kadi ya mchango. Mtu anakuletea, unaipokea kwa tabasamu, akigeuka unasonya, halafu unaahidi, na mwisho unatoa. Ukishatoa, siku ya harusi hukosi. Mvua inyeshe, daladala zigome, utafika. Unakwenda kuona pesa yako imepikwaje! Na yule aliyekuwa kwenye kamati, aliyebishana wiki tatu kuhusu rangi ya vitambaa vya meza, huyo ndiye wa mwisho kuondoka ukumbini. Aliyepewa kadi ya bure bila mchango, huyo ndiye anayekula na kuaga.

Basi neno langu la leo ni hilo moja, mengine ni maelezo yake. Mwanafunzi asipotoa kitu chake kwanza, hakai. Na asipokuwa na kazi ya kufanya pale ndani, hakai pia.

Msidhani nimelitunga. Nendeni Durham, North Carolina, chuo cha Duke. Ukumbi wao wa Cameron ulifunguliwa Januari 1940 na unaingiza watu 9,314 tu. Jirani zao wa Chuo Kikuu cha North Carolina, mwendo mfupi kwa gari, wana ukumbi wa watu zaidi ya 21,000. Lakini muulize mchezaji yeyote mgeni ni wapi masikio yaliziba. Mwaka 1986, kabla ya mechi na hao hao jirani, wanafunzi wachache walipiga mahema kwenye majani nje ya ukumbi ili wawe wa kwanza kuingia. Wengine wakaona, wakaongeza yao. Siku hizi ni kijiji kizima, kila Januari na Februari, na kimepewa jina la Mike Krzyzewski, kocha wao wa miaka mingi aliyestaafu 2022. Hema moja watu hadi 12, wanapeana zamu, usiku na mchana lazima mtu awepo. Wanafunzi wenzao ndio wakaguzi: king'ora kinalia usiku wa manane, watu wanatoka kwenye mablanketi kuitika majina. Hema lisilo na watu linapoteza nafasi.

Tazameni hapo. Hao hawajapewa kitu. Wamenyang'anywa usingizi! Na ndio wanaokaa mpaka dakika ya mwisho, wamejipaka rangi ya bluu mpaka kwenye nywele. Ukishalala kwenye baridi wiki tatu kwa ajili ya mechi moja, utaondoka mapumziko uende wapi?

Kocha naye alilijua hilo. Usiku wa kuamkia mechi na North Carolina aliwaita wanafunzi wa mahemani ndani ya ukumbi, akazungumza nao kuhusu mechi kama anavyozungumza na wachezaji wake. Piza pia aliwanunulia, sikatai. Lakini piza ya mtu aliyelala nje si sawa na piza ya mlangoni.

Kule chuo cha Illinois wanafunzi wanalo kundi lao liitwalo Orange Krush. Wanachama wake huchangisha pesa za hisani, na ukichangisha ndipo unapopata nafasi kwenye viti vyao karibu na uwanja. Mchango, tena ule ule wa kwetu. Niliposikia habari hiyo nilicheka peke yangu: kumbe kamati ya harusi iko na Illinois.

Sasa kazi ya kufanya. Hapa niwape pole ninyi mliozoea Simba na Yanga, Gor na Ingwe, kwa sababu kikapu cha vyuo kina masharti. Ndani ya ukumbi vyombo vya kelele haviruhusiwi. Vuvuzela, honi, filimbi, vyote vinabaki kwangu mlangoni. Ninalo kapu limejaa. Hata bendi hairuhusiwi kupiga mpira ukiwa unachezwa. Unabaki na koo, viganja na miguu. Mwenzetu mmoja alikuja na kingoma mwaka wa kwanza, nikamzuia, akaniambia, "Anko, sasa nishangilie na nini?" Nikamwambia na wenzio. Hakupenda jibu hilo.

Lakini ndilo jibu. Kelele ya mtu mmoja ni usumbufu. Ili viganja visikike lazima vipige pamoja, na ili vipige pamoja lazima mtu aanzishe na wengine waitikie. Kiitikio mnakijua tangu mkiwa chekechea, ninyi ni watu wa kibwagizo! Chuo cha Kansas wanacho cha kwao, "Rock Chalk, Jayhawk". Kilitungwa mwaka 1886 na profesa wa kemia. Fikirini: kikapu chenyewe kilibuniwa Desemba 1891 na James Naismith kule Springfield, Massachusetts. Kibwagizo kimeutangulia mchezo miaka mitano. Na Naismith huyo huyo alikwenda kufundisha Kansas mwaka 1898, akawa kocha wa kwanza, na hadi leo ndiye kocha pekee wa timu yao ya wanaume aliyefungwa mechi nyingi kuliko alizoshinda: kashinda 55, kafungwa 60. Kubuni ngoma na kuicheza ni mambo mawili.

Kile kibwagizo, ushindi unapokuwa mikononi, hawakipigi kwa haraka. Wanakivuta polepole, ukumbi mzima, kama watu wanaosoma dua. Mpinzani akisikia anajua basi. Mwaka 2017 ukumbi huo ulikuwa wa watu 16,300, na kelele zake zilipimwa desibeli 130.4, rekodi ya dunia kwa ukumbi wa ndani wakati huo. Lakini mimi kinachonivutia ni wanachofanya kabla ya mechi: wachezaji wageni wakitambulishwa, wanafunzi wanafunua magazeti wote kwa pamoja na kujifanya wanasoma. Kimya, hakuna anayeinua kichwa. Wakimaliza kutambulishwa wageni, magazeti yanachanwa vipande vipande na kurushwa juu. Hiyo imegharimu nini? Gazeti.

Arizona State walibuni pazia mwaka 2013. Nyuma ya kikapu, kipindi cha pili, mgeni anaposimama kupiga mitupo huru, ile anayopewa akichezewa rafu na hakuna wa kumzuia, pazia linafunguka ghafla na ndani yake kuna kituko, kama watu waliovaa vichwa vya farasi wenye pembe. Januari 2016 lilifunguka akatokea Michael Phelps, muogeleaji, na medali zake shingoni na chupi ya kuogelea. Mpigaji wa Oregon State akakosa mitupo yote miwili. Na mimi nisingefunga! Ninachotaka mkione ni hiki: kila mechi lazima kikundi cha wanafunzi wakae chini waamue kituko cha wiki hii. Wana mkutano, wana ugomvi, wana siri. Hao hawakosi mechi.

Mtasema hivyo ni vyuo vikubwa, vina televisheni, vina pesa. Haya, njooni hapa hapa Indiana. Upland, mji ambao ukipiga chafya umeshaupita. Chuo cha Taylor, wanafunzi kama elfu mbili. Kila Desemba, Ijumaa ya kabla ya mitihani, wanakuja ukumbini wamevaa nguo za kulalia na mavazi ya kila aina. Mechi inaanza, na ukumbi mzima umenyamaza. Si kimya cha watu wachache, ni kimya cha watu waliobanana. Timu yao inafunga, hakuna anayepiga kofi. Pointi nne. Sita. Nane. Unasikia mpira, unasikia refa akihema. Halafu pointi ya 10 inaingia, na hapo ndipo paa linapotaka kuruka. Watu wanamwagika uwanjani, wanakumbatiana, mchezo unasimama. Wanaiita Silent Night, yaani Usiku Mtulivu, na mwishoni wanauimba wimbo wenyewe wa Krismasi wameshikana mabega.

Nataka mfikirie ni kwa nini kinakolea. Kunyamaza ni kazi ngumu. Kila mmoja pale ndani ameubeba ule ukimya, na mtu mmoja tu akipiga kelele anauharibu. Chuo kidogo, bila fulana za XL, na picha zao huzunguka Marekani nzima kila mwaka.

Nije kwenye matusi, kwa sababu najua baadhi yenu mnaona ushabiki ndio ulimi kuwa mchafu. Januari 1984 wanafunzi wa Duke walivuka mpaka. Walimzomea mchezaji mmoja wa Maryland kwa mambo yake ya nje ya uwanja, wakamrushia nguo za ndani za kike. Magazeti ya nchi nzima yakawasema. Mkuu wa chuo wakati huo alikuwa Terry Sanford, aliyewahi kuwa gavana wa jimbo. Angeweza kufukuza watu, angeweza kufunga viti. Yeye aliwaandikia barua, akaiita barua ya mjomba, akawaambia wana akili za kutosha kuchekesha bila kutukana, na chini akaweka sahihi: Mjomba Terry.

Mechi iliyofuata ilikuwa na North Carolina. Wanafunzi wakaja wamejifunga vichwani mataji ya malaika, ya waya na karatasi zile za kufungia chakula. Kocha wa wageni wakamwekea bango la kumkaribisha kwa heshima zote. Refa akitoa uamuzi mbaya, badala ya lile tusi la kila siku wakaimba kwa pamoja, kwa adabu: tunaomba kutofautiana nawe. Nchi nzima ikacheka nao.

Hicho nyinyi hamhitaji kufundishwa na Duke, hicho ni utani. Mzaramo na Mnyamwezi wanaambiana maneno msibani ambayo mtu mwingine angepigwa, na hakuna anayekasirika, kwa sababu kila mmoja anajua mpaka uko wapi. Mtani hatukani mgonjwa wa mtu, hatukani mama wa mtu. Anakutania timu yako, viatu vyako, kocha wako anavyofunga tai. Mkiwatania wale jirani zetu wa upande wa pili wa mto kwa namna hiyo, mwakani watakuja wengi zaidi kulipiza, na hapo ukumbi unajaa pande zote mbili.

Na kuvamia uwanja baada ya ushindi, naombeni tusifanye. Februari 2024 mchezaji wa Duke aliumizwa goti mashabiki wa Wake Forest walipomwagika uwanjani. Mwezi mmoja kabla, Caitlin Clark wa Iowa aligongana na shabiki kule Ohio State akaanguka chini. Mimi ndiye ninayetakiwa kuwazuia, na mnaniona mwili wangu.

Nimemtaja Clark, basi niseme la mechi za wanawake, maana hapa mnazipita kama mnavyopita matangazo ukutani. Tarehe 15 Oktoba 2023 Iowa waliweka uwanja wa kikapu nje, katikati ya uwanja wa futiboli ya Kimarekani, mechi ya kujipima tu na DePaul, wakaja watu 55,646. Hapa kwetu mechi za wanawake hazijai, lakini nawaambia kama mtu wa mlangoni: watu wake hawaondoki. Mabibi, wasichana wa shule, baba na binti zake. Kwa nini? Mechi ikiisha wachezaji hawakimbilii ndani, wanakuja kwenye viti, wanawauliza majina. Kuna bibi mmoja anawaletea keki ya ndizi kila mechi ya mwisho wa mwezi. Huyo ana kazi. Mkitaka kuanza mahali, anzeni hapo: viti vya chini viko wazi na hakuna atakayewafukuza.

Kwa sababu suala la viti ni zito. Hapa wanafunzi wamewekwa juu, nyuma ya kikapu, na chini wamekaa wafadhili wenye mito ya kukalia. Siwasemi vibaya, mishahara yetu inatoka kwao. Ila watu wa chini hawapigi kelele, na wa juu wakipiga haifiki. Duke wanafunzi wako chini kabisa, mgeni akirusha mpira kutoka nje wanampumulia kisogoni. Hilo mtalidai wenyewe kwa mkuu wa idara, mimi nina familia. Lakini msiende kudai mikono mitupu. Jazeni zile safu mbili mlizo nazo mechi tano mfululizo, mpaka mwisho, ndipo mwende.

Kuna nafasi nyingine hamjaiona. Mechi ya dakika 40 huchukua kama saa mbili, na moja ya sababu ni televisheni: mechi ya wanaume kila kipindi kina visimamo vinne vya matangazo. Jumla nane. Nje mtu anaona tangazo la gari, ndani hakuna kitu, na hapo ndipo simu zinapotoka mifukoni. Hizo nane ni zenu. Bendi inaruhusiwa kupiga wakati huo, na ile bendi si kingine, ni matarumbeta ya harusi. Yule kijana wa tuba nimeshazungumza naye, yuko tayari kujifunza mdundo wa mchiriku mkimwonyesha.

Na la mwisho: mtu haji mechi peke yake, anakuja na aliokula nao. Ramadhani sasa imerudi kwenye Februari na Machi, palepale penye mechi kubwa. Futarini pamoja kwenye ile sebule ya bweni la kaskazini, asiyefunga naye aje, tende na sambusa, kisha mtoke kundi moja mwingie kwangu. Nilimfuatilia Hasheem Thabeet kwa namna hiyo, kijana wetu wa Dar alipochezea chuo cha Connecticut. Machi 2009 walicheza na Syracuse pale New York, mechi ikaongezewa muda mara sita. Ilianza saa 3:36 usiku wao, ikaisha 7:22. Kwetu Dar ilianza alfajiri na kuisha saa mbili na ushei asubuhi, sisi kina sita tumezunguka kompyuta moja ya intaneti kafe tukitazama namba zikibadilika. Hatukuona hata picha. Tulifungwa 127 kwa 117, nikachelewa kazini, nikakatwa siku. Peke yangu ningekwenda kulala kipindi cha kwanza.

Jumatano tunacheza nyumbani. Mlango naufungua saa 12 jioni, mechi ni saa moja. Nahitaji watu 12 wafike saa 11 na nusu, wasimame nje kwenye baridi, wakubaliane kiitikio kimoja tu. Kimoja. Kwa Kiswahili, ili refa asijue tunamsema. Daftari hili hapa, andikeni majina.

Na wewe binti uliyekaa nyuma pale karibu na dirisha, unayecheka kwa sauti tangu nimeanza mpaka mwalimu amegeuka mara mbili. Jina lako nimeshaliandika namba moja. Wewe ndiye utakayeanzisha.